Vidukari kwa sukuma wamevimba na kugeuka kahawia, nipige dawa ama niwache?

MamaGunia (Umoja)

Habari zenu wapendwa. Niko Umoja, nina magunia manne ya sukuma hapo nyuma ya nyumba kwa ile nafasi ya kuanika nguo, na gunia moja la kunde. Hiyo sukuma ndio inalisha nyumba yangu, tangu mwaka jana sijanunua kwa kibanda. Sasa kama wiki tatu zimepita vidukari wakaingia, wale wa kijivu wanakaa kama wamepakwa unga, wakajaa chini ya majani mpaka yakaanza kujikunja. Nikaenda duka moja la dawa za shamba nikauziwa kachupa nikaambiwa nipulize kila wiki bila kukosa, lakini kabla sijafungua nikaona kitu kimenitatiza sana.

Kuna vidukari wengine wamebadilika. Wamevimba wakawa mviringo kama punje ya wimbi, rangi imekuwa kahawia ya kung'aa kama karatasi ya kaki, hawatembei, na ukisukuma na ukucha unapata wameshika jani kama wamebandikwa na gundi. Nikafinya mmoja akapasuka, ndani hakukuwa na yale maji ya kijani ya kawaida, kulikuwa na kitu cheupe kimejikunja. Mwingine nikapata ni ganda tupu, ako na katundu upande wa nyuma, kaduara kabisa, kamekatwa safi sana.

Sasa nauliza, hii ni ugonjwa wa sukuma ama ni mayai ya mdudu mwingine mbaya zaidi? Na haya majani tunaweza kula, kwa sababu nina mtoto wa miaka miwili? Jirani ameniambia ning'oe yote nichome. Kwa jani moja tu nimehesabu nikapata 23. Naombeni anayejua anisaidie kabla ya Jumamosi maana ndio siku nimepanga kupuliza.

kijana_Githurai

Hata mimi nimeziona hizo kwa spinachi ya mamangu, nilidhani ni fangasi nikatoa majani yote nikatupa kwa taka. Nangoja jibu.

MtazamaWadudu

Dada MamaGunia, hiyo kachupa iweke juu ya kabati kwanza usiifungue. Si ugonjwa na wala si mayai. Hizo punje ni vidukari waliokufa, na ndani ya kila mmoja kuna nyigu mdogo anakua. Wataalamu wanaziita mumia. Ukiona mumia 23 kwa jani moja ujue kuna mtu amekuja kukusaidia kazi na hujamlipa chochote.

Nikisema nyigu usifikirie wale wanaojenga kwa dari na kuuma watu. Hawa ni wadogo mno, milimita mbili hivi, weusi wenye miguu ya kahawia, kiuno chembamba, akiruka mbele yako utasema ni usubi. Hawana haja na mtu kabisa, huyo mtoto wako anaweza kucheza hapo siku nzima. Wako kwa familia kubwa ya nyigu inaitwa Braconidae, na ndani yake kuna tawi lao linaitwa Aphidiinae, zaidi ya spishi 400 duniani, na tawi lote hilo linaishi kwa vidukari peke yake. Hawagusi viwavi, hawagusi nzi weupe, hawagusi mboga. Kwa sukuma na kabichi yule unampata mara nyingi ni Diaeretiella rapae. Watu wachache sana wanawajua hawa na mimi inaniuma, kwa sababu wako kila mahali, wako hapo kwa kamba yako ya nguo sasa hivi.

Mimi nakaa Kasarani na nimewahi kukaa na kioo cha kukuzia mbele ya jani moja karibu saa nzima nikimwangalia jike mmoja akifanya kazi. Anatembea katikati ya vidukari akiwapapasa na vile vipapasio vyake virefu, huyu anampita, huyu anampita, halafu akimpata anayemtaka anasimama, anakunja tumbo lake lipite chini ya miguu yake mwenyewe lielekee mbele, anadunga, anatoa. Ni kitendo cha sekunde. Kidukari anapiga teke na mguu wa nyuma, wengine wanatoa katone kutoka kwa zile pembe mbili ndogo za mgongoni, hiyo ni ishara ya hatari, na utaona wale wako karibu wanachomoa mdomo kwa jani na kuanza kukimbia, wengine wanajiangusha chini kabisa. Lakini yai lishaingia.

Baada ya hapo kwa siku kadhaa huoni tofauti yoyote, kidukari anaendelea kufyonza utomvu kama kawaida. Ndani yai linaanguliwa, na ile ngozi iliyokuwa imelifunika inatawanyika inakuwa seli kubwa kubwa zinaelea ndani ya mwili wa kidukari zikikusanya lishe, na kifunza anazila. Yeye mwenyewe anakula kwa mpango, viungo vyenye vinashikilia uhai anaviwacha mwisho kwa sababu mwenyeji akifa mapema ataoza na yeye pia ataisha. Kama nyigu wawili walitaga kwa kidukari mmoja vifunza vinapigana humo ndani na anabaki mmoja. Akimaliza kila kitu anatoboa tumbo la kidukari kwa chini, analibandika kwa jani kwa uzi wake, ndio maana yako hazitoki hata ukisukuma, halafu anasokota kifukofuko ndani ya hilo ganda. Hicho kitu cheupe uliona kimejikunja ndio yeye. Na kale katundu kaduara ni mlango, akishakuwa mkubwa anakata kifuniko kwa meno yake anasukuma anatoka. Kutoka yai mpaka nyigu mzima ni kama wiki mbili kukiwa na joto la wastani, baridi ya Julai hapa Nairobi inachelewesha.

Kula mnaweza kula, hakuna sumu hapo. Ila jani lenye mumia nyingi mimi singelipika, na wala singelitupa. Likate, liegemeze chini ya gunia mahali pa kivuli, liache hapo mpaka wote watoke.

MkulimaRuai

Nakubali yote umesema lakini nataka kuongea kama mtu anauza. Mimi niko Ruai, nusu ekari ya sukuma, na mteja wa soko haniulizi kama hiyo punje ni rafiki ama adui, akiona jani lina madoa anaenda kwa mwenzangu. Na hao nyigu huwa wanakuja wakiwa wamechelewa, vidukari tayari wamekunja vichwa vya miche. Msimu uliopita nilingoja nikapoteza karibu vitanda viwili. Sasa mtu angojee mpaka lini?

MtazamaWadudu

Ndugu umeuliza swali la haki na sitakudanganya. Ni kweli nyigu anachelewa, kwa sababu anahitaji vidukari wawepo kwanza ndipo apate pa kutaga, halafu kidukari jike anazaa bila dume, anazaa watoto hai wakiwa tayari na mdomo kwa jani, na baada ya wiki moja hivi hao watoto nao wanazaa. Nyigu hawezi kushinda hiyo mbio mwanzoni. Na hata akishinda hatawamaliza, atawapunguza tu mpaka kiwango chenye mboga inaweza kuvumilia.

Kwa hivyo usikae ukiangalia. Mwanzoni kabisa wakiwa bado ni kikundi kimoja kwa jani moja, wafinye kwa vidole (utasikia harufu kali kama ya haradali, hao wa kijivu wanabeba hiyo mafuta mwilini kama kinga), ama wapige na maji ya bomba kwa nguvu upande wa chini wa jani. Maji ya sabuni yanaua kidukari yakimgusa, lakini yakikauka hayaachi sumu ya kumngoja nyigu kesho, na yule ako ndani ya mumia amefunikwa na ganda. Hiyo ndio tofauti kubwa na zile dawa zinabaki kwa jani siku nyingi. Aliye ndani anaweza kupona siku ya kupuliza, halafu anakata mlango wake, anakanyaga jani lenye dawa, anakufa kabla hajataga hata yai moja. Kidukari mmoja tu akibaki anaanza kuzaa upya, na sasa hakuna wa kumfuata. Nafikiri hiyo ndio sababu watu wanaambiwa wapulize kila wiki bila kukosa.

Kabla ya kuamua, geuza majani kumi kutoka sehemu tofauti za kitanda uangalie mumia. Ukiwa unaziona kwa majani mengi, jipe siku nne tano uangalie tena. Ukiwa hujaona hata moja na vidukari wanaongezeka, hapo ni wewe na sabuni.

MzeeSaipresi (Limuru)

Wanangu nimesoma hapa nikakumbuka jambo. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Mwaka wa 1990 ua za saipresi zilianza kukauka huku kwetu, unaona tawi limegeuka rangi ya chai, wiki ijayo mti mzima. Ua yangu ilikuwa imepandwa na marehemu baba, ilikuwa imefunga boma lote hata kuku hapiti, na ikakauka upande mmoja kama imepigwa moto. Ukikaribia unapata shina limejaa vidukari wakubwa wa kahawia, na chini kumekuwa kweusi na kunata kama sukari imemwagika. Mashamba ya misitu ya serikali yalikuwa na saipresi tele na hofu ilikuwa kubwa, maana mbao zetu nyingi zilikuwa ni hizo.

Tukasikia watu wa utafiti wa misitu hapo Muguga wanaleta kadudu ka kula hao vidukari kutoka Ulaya. Wengi tulisema watatuletea shida juu ya shida. Katikati ya hiyo miaka ya tisini wakaachiliwa. Mimi sikuwahi kuwaona kwa macho, lakini ua yangu ule upande uliobaki ulichipuka na uko mpaka leo, nimeupogoa mwezi uliopita. Huyo mdudu ni ndugu ya hawa mnaongelea?

MtazamaWadudu

Shikamoo mzee. Ni ndugu yao kabisa, tawi lile lile la Aphidiinae. Anaitwa Pauesia juniperorum, jamii yake inafuata vidukari wa miti kama saipresi na misonobari. Yule kidukari wa saipresi alionekana Malawi mwaka 1986, akapanda nchi baada ya nchi hadi akafika huku kwetu 1990 kama ulivyosema, na kwa sababu alikuja bila adui zake alizaana bila kizuizi. Nimefurahi sana kusoma habari ya hiyo ua. Ukipata nafasi angalia kwa vile vijitawi vya ndani vya kijani, unaweza kupata mumia kubwa za kahawia zina katundu.

Na hii kazi ya kumfuatisha mdudu mgeni na adui yake imefanywa mara nyingi hapa kwetu na familia zingine za nyigu. Kwa kabichi na sukuma kuna yule kiwavi mdogo wa kijani wa nondo mgongo-almasi, nyigu wake Diadegma semiclausum alitolewa Taiwan akaachiliwa hapa Kenya mwaka 2002, alianzia milima ya Taita. Kwa mihogo kuna ile kidung'ata ya unga iliyoingia Afrika miaka ya sabini ikaharibu kutoka Kongo mpaka Senegali, adui yake alipatikana Paraguay mwaka 1981, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akapewa tuzo ya World Food Prize mwaka 1995, wakati huo akiwa mkurugenzi wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu hapa Kasarani.

MamaGunia (Umoja)

Haki asanteni sana, nimesoma kila kitu mara mbili na nimemsomea jirani. Hiyo Jumamosi nimefuta. Nimeosha vichwa vya miche na maji, na yale majani yenye punje nyingi nimeyakata nimeyaegemeza kwa gunia upande wa ukuta.

Nina maswali mengine. Kwa kunde nina vidukari weusi wanang'aa, wamejaa kwa maua na kwa yale maganda machanga, lakini huko sioni punje hata moja na sisimizi wanapanda na kushuka siku nzima. Kwa nini nyigu hajaenda huko na ni hatua mbili tu? Na tena ningependa huyo mdudu nimuone na macho yangu, naweza kufanya aje?

MtazamaWadudu

Kwa kunde tatizo ni hao sisimizi. Vidukari wanatoa kinyesi cha maji matamu, sisimizi wanakunywa, na kama mchungaji yeyote wanalinda mifugo yao. Nyigu akitua wanamfukuza ama wanamkamata. Halafu kumbuka nyigu wa sukuma anaongozwa na harufu. Mwaka 1970 kuna watafiti Marekani walionyesha kwamba Diaeretiella anavutwa na ile harufu ya haradali inayotoka kwa jamii ya kabichi, na mmea usio na hiyo harufu mara nyingi anaupita hata ukiwa na vidukari. Kunde haina. Wako nyigu wengine wa tawi hilo wanaofuata hao weusi wa kunde, lakini wape njia kwanza, paka grisi nzito kwa ile miti umeshikizia kunde, ama kitambaa kilichopakwa mafuta mazito kuzunguka gunia, sisimizi wasipande. Hakikisha hakuna jani limegusa ukuta maana watatumia hilo kama daraja.

Kuhusu kumuona, tafuta mtungi safi wa siagi ya njugu, ule wa kuonekana ndani. Kata vipande vya jani vyenye mumia ambazo hazijatobolewa, zisiwe na vidukari hai, tia karatasi ya tishu chini ya kunyonya unyevu. Mdomo wa mtungi ufunge na kipande cha stokingi na raba bendi. Usitumie chandarua, watapita kwa yale matundu bila shida. Weka mahali pa mwanga lakini jua lisiingie moja kwa moja. Angalia kila asubuhi, na andika idadi.

ex_Naivasha

Niongeze kidogo kwa hilo la kuchelewa. Nilifanya kazi kwa shamba la maua Naivasha, ndani ya grinihausi, na kazi yangu ilikuwa hawa hawa. Wetu walikuwa wanaitwa Aphidius colemani, wanakuja kwa vichupa wakiwa bado ni mumia zimechanganywa na maganda ya nafaka, unamwaga kiasi kwa kijisanduku unaning'iniza. Shida yetu ilikuwa hiyo ya MkulimaRuai, ukiwaachilia kabla vidukari hawajafika wanakufa njaa, ukingoja umechelewa. Kile tulikuwa tunafanya ni kupanda shayiri kwa trei, tunaweka vidukari wa nafaka, wale hawawezi kula mmea wetu hata kidogo wakitaka. Nyigu wanataga kwa hao, wanazaana hapo hapo kwa trei, na siku vidukari wa ukweli wakiingia wanakuta jeshi liko tayari limekaa. Kila wiki unapanda trei mpya.

Mtu wa gunia hawezi fanya yote hayo lakini anaweza kuwacha dhania moja au mbili zitoe maua. Nyigu mzima hali vidukari, anakunywa maji ya maua na yale matamu ya vidukari, na mdomo wake ni mfupi, ua kubwa la bustani halimsaidii, la dhania linamtosha. Nilikuwa nawakuta wengi sana kwa maua ya dhania saa nne asubuhi jua likianza kupata nguvu.

MamaGunia (Umoja), siku 16 baadaye

Nimerudi na ripoti. Kwa mtungi niliweka mumia 41. Siku ya tano asubuhi nikapata wawili wakitembea kwa stokingi, wembamba, vipapasio virefu vinatetemeka bila kupumzika, nikaita watoto wote wa ploti wakaja kuona. Mpaka jana wametoka 24 wa aina hiyo. Mmoja nilimuona akitoka, niliona kwanza mstari kwa ganda unazunguka polepole, halafu kifuniko kikainuka kikabaki kimeshikilia upande mmoja kama mlango, kichwa kikatokea, akasimama nusu ndani nusu nje kwa muda mrefu akipangusa vipapasio na miguu ya mbele, ndio akajitoa. Nilichelewa kanisani na sijutii.

Lakini kuanzia siku ya tisa wakaanza kutoka wengine tofauti. Ni wadogo kuliko wale, wanene kidogo, wanang'aa sana kama mbegu ya papai iliyooshwa, hawana haraka. Hao ni saba. Na wengine wawili wakiingia kwa mwanga mgongo unaonyesha kijani kama cha chuma. Nikaangalia matundu yao nikaona hayako kama yale mengine, ni kama mtu ametafuna tu, ukingo una meno meno. Hao ni wanawake na wale ni waume ama ni nini?

MtazamaWadudu

Dada umefanya kazi nzuri mno, na hilo la matundu umeliona bila kuambiwa na mtu.

Hao saba na wale wawili si waume. Dume wa Diaeretiella anafanana na jike, ana tumbo la mviringo zaidi upande wa mwisho na hana ncha ya kudungia, na anatoka kwa mlango safi vile vile. (Jike anachagua, yai lililorutubishwa linakuwa jike, lisilorutubishwa linakuwa dume.) Hao umewapata ni nyigu wanaokula nyigu. Ndani ya kidukari alikuwemo mtoto wa Diaeretiella, na ndani ya huyo mtoto ama juu yake akaingia mwingine.

Wale saba wanaong'aa, kwa maelezo yako, nadhani ni Alloxysta, kundi la Charipinae. Hawa hata miongoni mwa wanaosoma wadudu ni wachache wanaowajua. Urefu ni milimita moja na kitu, mwili laini hauna kinyweleo cha kuonekana, tumbo limebanwa kutoka pembeni, na mabawa karibu hayana mishipa isipokuwa kachumba kamoja kadogo kwa ukingo wa mbele. Jike wake anamtafuta kidukari akiwa bado hai, anatembea. Kwa nje huyo kidukari haonyeshi dalili, lakini yeye anampanda mgongoni, anadunga, na ncha inatafuta kifunza cha nyigu mle ndani, yai linawekwa ndani ya hicho kifunza. Halafu linangoja. Haliangui mpaka kifunza kimalize kumla kidukari, kimbandike kwa jani, kisokote kifukofuko chake. Nyumba ikishajengwa na kufungwa ndio mgeni anaamka na kuanza kumla mwenye nyumba. Ndio maana hao wako wametoka siku kadhaa baada ya wale wa kwanza.

Tena wana kinga ya sisimizi. Kwa taya wana tezi zinatoa harufu inayowachukiza sisimizi na hata buibui, kwa hivyo wanaweza kutembea kwa kundi lenye walinzi ambapo wengine wangekamatwa.

Wale wawili wa kijani cha chuma ni ukoo mwingine kabisa, labda Asaphes ama Pachyneuron. Hao wanangojea mumia ishakuwa ngumu, wanatoboa ganda kutoka nje na kutaga juu ya kifunza kilicholala. Wote hawa wakitoka wanatafuna ganda ovyo, ndio hayo meno meno. Diaeretiella anakata duara. Kwa hivyo sasa ukigeuza jani lenye mumia zilizotobolewa unaweza kusoma nani alitoka bila kumuona.

kijana_Githurai

Sasa hao wa pili si wabaya basi? Awaue kabla hajawaachilia?

MtazamaWadudu

Kwa mwenye sukuma wanapunguza wasaidizi wake, hilo ni kweli, na zile kampuni zinazofuga nyigu wa kuuza huwa wanawachuja kwa makini sana wasiingie. Kwa mtungi wa nyumbani mimi ningefanya hivi: wale wembamba wafungulie karibu na gunia jioni jua likipoa, usiku wanatulia na asubuhi wanaanza kazi. Hao tisa wakibaki kwa mtungi hakuna hasara. Lakini huko nje wako wengi na huwezi kuwatoa, na mimi sioni kama inafaa kujaribu. Kwa 41 umepata tisa. Wembamba bado ni wengi zaidi. Ukirudia baada ya mwezi ukapata wanaong'aa wamekuwa nusu, hapo utajua msaada unapungua na utaongeza mkono wako wa maji na sabuni mapema.

MamaGunia (Umoja)

Nimewafungulia jana saa kumi na mbili. Niliweka mtungi kwa udongo katikati ya gunia la kwanza nikatoa stokingi, walikaa kwa ukingo kidogo halafu wakaanza kwenda mmoja mmoja, si mbali, ni jani la kwanza tu. Hao tisa nimebaki nao, mtoto wa darasa la sita hapa ploti anataka kuwachora.

Kwa gunia la tatu vidukari wamepungua sana, lile la nne bado wako kwa kichwa cha mche mmoja. Leo asubuhi nimegeuza majani kumi kama ulivyosema nikapata mumia 57, zenye tundu safi 30, zenye meno meno 8, zingine bado hazijatoboka. Nimeandika kwa kalenda ya ukutani. Nimepanda dhania pia, kwa ndoo iliyovunjika.

MzeeSaipresi (Limuru)

Na mimi nimeenda kwa ua na miwani yangu ya kusomea. Nimepata mbili, kubwa kama alivyosema, zimeshika kijitawi cha ndani upande wa kaburi la baba. Moja ina tundu la duara.